Mabaki ya viuatilifu kwenye mboga: mwongozo kamili wa kuyapunguza, kuanzia lebo hadi beseni

Swali linalorudi kila msimu ni hili: "Nimeosha mboga kwa chumvi, nimeloweka kwa siki, mbona maabara bado wamekuta dawa?" Jibu halifurahishi. Kosa lilishafanyika wiki mbili nyuma, pale pampu ilipojazwa dawa kwa kizibo na siku za kuvuna zikahesabiwa kichwani.

Dawa ikishafika kwenye mmea, ama inabaki juu ya jani na ganda, ama inanyonywa na kusafiri ndani pamoja na utomvu. Ile ya juu maji yanaweza kuipunguza. Ya ndani huiondoi hata ukeshe na beseni. Ndiyo maana kati ya hatua kumi zilizo hapa chini, nane ni za shambani na moja tu ni ya jikoni. Kama wewe hulimi, unanunua tu na kupika, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 9.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kusanya vyote kwanza. Wengi hukwama katikati kwa sababu walifika shambani bila kitu cha kupimia, wakaamua "kukadiria".

- Dawa iliyo kwenye chupa au pakiti yake ya kiwandani, lebo yake ikiwa inasomeka. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji au ya soda usiinunue kabisa.
- Silinda ya kupimia au bomba la sindano la mililita 20, la kazi hiyo peke yake.
- Mizani ndogo inayosoma gramu, kwa dawa za unga.
- Ndoo yenye alama za lita.
- Futi ya kamba, vigingi vinne na kamba ya kuzungushia.
- Saa inayohesabu sekunde (ya kwenye simu inatosha).
- Karatasi za kupima pH ya maji, yaani kama yana asidi au alkali na kwa kiasi gani.
- Nozeli mpya moja, ya aina ile ile unayotumia.
- Daftari, kalamu na kalenda ya ukutani.
- Mavazi ya kinga: glavu za nitrili, buti, miwani, ovaroli, na barakoa ya aina iliyotajwa kwenye lebo.
- Kwa jikoni: beseni, brashi laini na soda ya kuokea. Siyo magadi, wala hamira.

## Hatua ya 1: Hakikisha kweli unahitaji kupulizia

Dawa ambayo hukupulizia haiachi mabaki. Linaonekana jambo la wazi, lakini nusu ya dawa ninazoona zikipuliziwa zinafuata siku ya wiki: leo Ijumaa, basi ni siku ya dawa, mdudu awepo asiwepo.

Ingia shambani mara mbili kwa wiki, asubuhi. Tembea kwa mwendo wa herufi W ili usikague pembeni tu, simama sehemu tano, na kila sehemu chunguza mimea mitano. Geuza majani. Vidukari, inzi weupe na utitiri hukaa upande wa chini, na anayeangalia juu tu huwagundua wakiwa wameshazaliana. Andika idadi. Namba mbili za wiki mbili mfululizo zitakuonyesha kama wadudu wanaongezeka au wanaisha wenyewe.

Mitego husaidia: ya rangi ya njano yenye gundi kwa inzi weupe na vidukari wenye mabawa, ya bluu kwa thripsi, na ya harufu ya jike kwa nondo kama kantangaze wa nyanya. Kwenye kitalu, wavu wenye matundu madogo hufanya kazi ambayo ungeifanya kwa dawa mara tatu.

Ukikuta viwavi wadogo, anza na dawa ya bakteria wa *Bacillus thuringiensis*. Ipulizie jioni, kwa sababu jua huiharibu haraka, na iwahi viwavi wakiwa bado wachanga, maana lazima wale jani lenye bakteria ndipo wafe. Watu huilaumu kwamba haifanyi kazi kwa sababu kiwavi haanguki papo hapo. Muangalie vizuri: baada ya saa chache ameacha kula, na hilo ndilo ulilolitaka. Dawa za mwarobaini na sabuni za kuulia wadudu nazo huisha haraka kwenye mmea, ila soma lebo zake kama dawa nyingine yoyote. Neno "asili" kwenye chupa halikuondolei kazi ya kuhesabu siku.

Umefanikiwa ukiona: daftari lako lina angalau wiki moja msimu huu ambayo ulikagua, ukahesabu, ukaamua kutopulizia.

## Hatua ya 2: Soma lebo, na utafute mambo matano

Lebo haisomwi kama gazeti. Unatafuta vitu vitano, na usipovipata vyote, rudisha chupa.

1. Jina la zao lako. Nyanya iwe imeandikwa nyanya.
2. Kiambato amilifu, yaani sumu yenyewe, na namba ya kundi lake (dawa za kundi moja huua kwa njia ile ile).
3. Kipimo kwa hekta au kwa lita za maji.
4. Siku za kusubiri kati ya kupulizia mara ya mwisho na kuvuna.
5. Mara ngapi unaruhusiwa kuitumia kwa msimu mmoja.

Kwa nini jina la zao lina uzito huo? Kwa sababu dawa ile ile, kwa kipimo kile kile, huacha mabaki tofauti. Jani la spinachi ni jembamba na pana: lina eneo kubwa la kupokea dawa na uzito mdogo wa kuigawanya. Nyanya ni kinyume chake. Siku za kusubiri zilizopimwa kwa nyanya hazikulindi kwenye spinachi.

Mfano mbaya kuliko yote ni wa matikiti maji ya California mwaka 1985. Dawa iitwayo aldikabu, ambayo haikuruhusiwa kabisa kwenye matikiti, ilikutwa ndani ya tunda, na watu zaidi ya elfu moja waliripotiwa kuugua. Aldikabu hunyonywa na mizizi na kupanda hadi kwenye tunda, kwa hiyo kuosha ganda kusingesaidia lolote.

Kuhusu kikomo cha mabaki: hupimwa kwa miligramu katika kilo moja ya mboga. Tume ya Codex, inayoendeshwa kwa pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na kilimo (FAO) na ya afya (WHO), hutoa viwango vya kimataifa kwa dawa na mazao mbalimbali. Umoja wa Ulaya una kanuni ya ziada inayowanasa wauzaji wengi: dawa isiyo na kiwango maalumu kwa zao fulani huwekewa kikomo cha miligramu 0.01 kwa kilo. Hiyo ni gramu moja ya sumu katika tani 100 za mboga. Kwa kikomo kidogo kiasi hicho, dawa "iliyosalia kidogo" kwenye pampu inatosha kukataliwa mzigo.

Tahadhari: majina mawili ya biashara yanaweza kuwa sumu moja. Linganisha kiambato na namba ya kundi, siyo picha ya mdudu iliyo kwenye chupa. Anayebadilisha jina bila kubadilisha kundi huzalisha wadudu sugu, wadudu sugu humfanya aongeze kipimo, na kipimo hicho ndicho atakachokuja kukikuta maabara.

## Hatua ya 3: Hesabu siku kutoka mavuno kurudi nyuma

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo nenda polepole.

Siku uliyopulizia ni siku ya 0. Kama lebo inasema siku 14 na unataka kuvuna kabichi tarehe 28, mara ya mwisho kupulizia ni tarehe 14. Ukipulizia tarehe 16, mavuno yanasogea hadi tarehe 30. Hesabu inaanzia mara ya mwisho kupulizia, siyo ya kwanza, na ukichanganya dawa mbili, unafuata ile yenye siku nyingi.

Kwa kabichi, ambayo huvunwa mara moja, hesabu imeisha. Tabu iko kwenye nyanya, matango, bamia, pilipili na maharage mabichi, mazao yanayochumwa kila baada ya siku chache huku maua mengine yakifunguka juu. Mkulima anachuma kila siku 4, dawa yake inataka siku 7. Hesabu hiyo haiwezi kukubali, hata uizungushe vipi. Una njia tatu tu:

- Chagua dawa ya siku 1 hadi 3 mara tu uchumaji unapoanza. Dawa za siku nyingi zitumie kabla ya maua, na uandike kwenye kalenda tarehe ya kuziacha.
- Chuma kwanza, pulizia baadaye. Jumatatu asubuhi chuma kila kilichofikia kuchumwa, pamoja na vile vitakavyokomaa ndani ya siku zijazo kama soko linavikubali. Jioni pulizia dawa ya siku 3. Alhamisi jioni muda umetimia. Ijumaa asubuhi unachuma kwa amani.
- Ruka uchumaji mmoja. Ikibidi kutumia dawa ya siku 7, matunda yatakayokomaa katikati hayauzwi, hayaliwi, wala hayapewi mifugo. Inauma, najua. Ndiyo sababu hatua ya 1 ilitangulia.

### Kwa nini siku chache zina nguvu hivyo

Mabaki hayashuki kwa mstari ulionyooka. Hupungua kwa nusu, kisha nusu ya iliyobaki, kisha nusu tena. Chukua mfano wa dawa inayopungua kwa nusu kila siku 3, ikianza na miligramu 8 kwa kilo. Siku ya 3 zimebaki 4, siku ya 6 ni 2, siku ya 9 ni 1, siku ya 12 ni 0.5.

Sasa fikiria umeweka kipimo mara mbili. Unaanza na 16, na siku ya 12 una 1 badala ya 0.5. Ili ufike ulipopaswa kuwa, unasubiri siku 3 zaidi ya zile za lebo, siku ambazo hakuna aliyekuandikia popote. Kwa maneno mengine, siku za kusubiri zilizo kwenye lebo ni halali kwa kipimo cha lebo pekee. Ukikivunja kipimo, umeivunja na kalenda.

Jua, joto na ukuaji wa tunda husaidia kupunguza. Tango linaloongezeka ukubwa mara mbili baada ya kupuliziwa lina dawa ile ile ikiwa imegawanywa kwenye uzito mkubwa zaidi. Kinyume chake, siku za baridi na mawingu, au mboga iliyo chini ya paa la plastiki lisilopitisha miale mingi wala mvua, huchelewesha. Katika hali hizo mimi huongeza siku moja au mbili juu ya lebo. Kupunguza, hapana, hata mvua ikinyesha kutwa: mvua huosha sehemu ya dawa ya juu na kuiacha ya ndani.

Umefanikiwa ukiona: kalenda ya ukutani ina tarehe ya mavuno ya kwanza, na nyuma yake mstari mwekundu wa "mwisho wa dawa" kwa kila dawa iliyopo stoo.

## Hatua ya 4: Pima pampu yako na mwendo wako

Kipimo cha kwenye lebo hakijui unatembea vipi. Fanya kazi hii kwa maji matupu, mara moja mwanzoni mwa msimu na kila unapobadilisha mpulizaji au nozeli.

Kwanza nozeli. Pulizia maji ndani ya ndoo kwa dakika moja kamili kwa nozeli mpya, pima. Rudia kwa nozeli ya zamani, ukipampu kwa nguvu ile ile. Ikiwa mpya imetoa mililita 600 na ya zamani imetoa zaidi ya 660, yaani imezidi kwa asilimia 10, tundu limepanuka. Itupe. Na nozeli iliyoziba haizibuliwi kwa waya au sindano, kwa kuwa unaipanua mwenyewe. Tumia brashi laini na maji. Kuipuliza kwa mdomo, usithubutu.

Kisha mwendo. Pima eneo la mita 10 kwa 10 kwenye shamba lenye mboga, weka vigingi. Jaza maji hadi alama, pulizia eneo lote kwa mwendo wako wa kawaida, halafu jaza tena hadi alama ile ile ukipima ulichoongeza. Tuseme ni lita 4. Zidisha kwa 100: unatumia lita 400 kwa hekta.

Pampu yako ni ya lita 16? Basi inatosha mita za mraba 400. Lebo ikisema mililita 500 kwa hekta:

500 × 400 ÷ 10,000 = mililita 20 kwa pampu

Angalia sasa kinachotokea kwa mtu anayetembea polepole na kutumia lita 6 kwenye eneo lile lile. Pampu yake inaishia mita za mraba 267, lakini bado anaweka mililita 20. Kwa hekta ameweka karibu mililita 750, nusu zaidi ya ruhusa, na kwa akili yake amefuata lebo.

Umefanikiwa ukiona: ukirudia jaribio mara mbili, tofauti ya maji ni ndogo sana, na namba ya mililita kwa pampu imeandikwa kwa kalamu isiyofutika kwenye kifuniko cha kasha la vipimo.

## Hatua ya 5: Changanya kwa kipimo

Kabla ya yote, jaribu hili nyumbani kwa maji. Chukua vizibo vya chupa tatu tofauti, vijaze maji hadi ukingoni, kisha kila kimoja ukivute kwa bomba la sindano usome. Havitalingana. Kile cha chupa ya lita moja kinaweza kubeba mara mbili au tatu ya kile cha chupa ndogo. Hapo utaelewa kwa nini "vizibo viwili kwa pampu" siyo kipimo, ni bahati nasibu.

Pima pH ya maji. Maji yenye pH ya juu huvunja baadhi ya dawa kabla hazijafika kwenye jani. Kaptani, kiua ukungu kinachotumika sana, hudumu saa kadhaa kwenye maji ya pH 7, lakini kwenye pH 9 huharibika kwa dakika. Mkulima mwenye maji kama hayo huona dawa "imechuja", huongeza kipimo, hupulizia tena baada ya siku tatu, na mabaki yanajengeka. Kama pH inazidi 8, tafuta maji mengine au tumia kirekebisha pH kilichoruhusiwa kwenye lebo. Usiweke ndimu wala siki kwa kukisia: dawa za shaba, kwa mfano, huunguza majani kwenye maji yenye asidi.

Jaza pampu maji hadi nusu, weka dawa iliyopimwa, tikisa, malizia maji. Changanya ya kutosha kazi ya siku hiyo hiyo. Na tafadhali achana na mseto wa dawa nne ndani ya pampu moja. Kila dawa ina siku zake, na mtu aliyechanganya nne mara nyingi hukumbuka ile fupi tu.

Chupa ikiisha, weka maji robo yake, funga, tikisa nusu dakika, mimina kwenye pampu. Fanya hivyo mara tatu, kisha itoboe ili isije ikabeba maji ya kunywa.

## Hatua ya 6: Pulizia, ukijua pa kuacha

Asubuhi mapema au jioni, upepo ukiwa mdogo. Upepo hupeleka dawa yako kwenye tuta la jirani ambalo anavuna kesho, na mzigo wake ndio utakaokamatwa.

Jani lililopata dawa ya kutosha lina matone madogo mengi, yamekaa. Jani lililozidishiwa limelowa, limeng'aa na linadondosha kwenye ncha. Ukishaona kudondosha, umemwaga dawa ardhini na kuikusanya kwenye ncha ya jani na kwenye kikonyo cha tunda, sehemu zile zile ambazo maji ya kuoshea hufika kwa shida.

Lipo kosa moja ambalo silioni likitajwa vya kutosha: kumalizia dawa. Kazi imekwisha, pampu ina lita mbili, mtu anarudi kwenye mistari ya mwanzo "isiharibike". Mistari hiyo imepata kipimo mara mbili. Ndiyo sababu shamba moja linaweza kutoa sampuli safi na sampuli chafu siku moja. Dawa ikibaki, iongezee maji mara kumi na uisambaze kwenye sehemu ya zao hilo hilo uliyoiacha kwa makusudi mwishoni bila kupulizia. Mtaroni na mtoni, kamwe.

Osha pampu mara tatu, ukipitisha maji kwenye mpira na nozeli pia. Pampu ya kiua magugu iwe ya peke yake, yenye rangi au alama tofauti.

## Hatua ya 7: Andika kabla hujavua ovaroli

Tarehe, tuta, zao, kiambato amilifu, mililita kwa pampu, pampu ngapi, tarehe halali ya kuvuna. Mistari saba. Kisha chomeka kibao kwenye tuta chenye tarehe hiyo ya kuvuna, kwa maandishi makubwa. Anayekuja kuchuma alfajiri mara nyingi siye aliyepulizia, na hana namna ya kujua kwa kutazama jani.

## Hatua ya 8: Vuna bila kurudisha dawa

Chuma kwa mikono safi na uweke kwenye kreti safi, isiyowahi kukaa stoo ya dawa. Kabichi na letusi bandua majani ya nje mawili au matatu hapo hapo shambani. Ndiyo yaliyopokea dawa nyingi zaidi. Usipulizie wala kuchovya mboga iliyovunwa ili ing'ae au idumu.

Watu hudhani kuihifadhi mboga siku mbili zaidi kwenye friji ni sawa na kusubiri shambani. Siyo. Baridi na giza huchelewesha kuvunjika kwa dawa, na mboga iliyochumwa haikui tena ili kuigawanya. Siku za kusubiri huisha mmea ukiwa umesimama.

## Hatua ya 9: Osha, menya, pika

Kuosha kuna faida ya kweli, ukijua mpaka wake.

Maji yanayotiririka. Osha mboga moja moja kwa nusu dakika huku ukiisugua kwa vidole, au kwa brashi laini kama ganda ni gumu. Katika majaribio ya kituo cha utafiti wa kilimo cha Connecticut, yaliyochapishwa mwaka 2000, kuosha kwa maji ya bomba kulipunguza mabaki ya dawa 9 kati ya 12 zilizochunguzwa. Jambo la kuvutia ni kwamba haikutegemea kama dawa huyeyuka majini au la. Kilichofanya kazi ni msuguano, kwa hiyo kuzamisha mboga kwenye beseni na kuitoa hakutoshi. Majani yatenganishe, kila moja lioshwe pande zote mbili, ukianzia kwenye shina ambako vumbi na dawa hukusanyika. Nyanya ing'oe kikonyo na usugue kile kishimo chake.

Soda ya kuokea. Gramu 10 kwa lita moja ya maji, takriban vijiko viwili vidogo, dakika 12 hadi 15, kisha suuza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 2017 walijaribu mchanganyiko huo kwenye tufaha na ukaondoa dawa mbili za juu ya ganda vizuri kuliko maji matupu. Lakini sehemu ya dawa hizo ilikuwa imepenya ndani ya ganda, na sehemu hiyo soda haikuifikia.

Kumenya huondoa mengi zaidi kwa tango na karoti. Osha kwanza ndipo umenye. Ukianza kumenya, kisu hupeleka dawa ya ganda ndani ya nyama.

Kupika hupunguza dawa kadhaa, ila usikutegemee. Mankozebu, kiua ukungu cha unga wa njano, ikipata moto hugeuka sehemu yake kuwa kemikali nyingine yenye madhara kwa tezi ya shingo. Bahati nzuri hukaa zaidi juu ya jani, kwa hiyo kuosha vizuri kabla ya kuweka sufuria jikoni ndiyo kinga yake.

Tahadhari: usitumie sabuni ya vyombo, ya unga, wala dawa ya kufulia. Ngozi ya mboga ina vitundu, nayo huinyonya, ukala sabuni juu ya dawa. Maji ya kuoshea yamwagwe, yasitumike kwa mboga nyingine.

Umefanikiwa ukiona: hakuna utando mweupe au wa kijivu kwenye kishimo cha kikonyo, na maji ya mwisho ya kusuuza ni maangavu kabisa. Hiyo inathibitisha kuosha kwako tu. Kilicho ndani ya mboga jicho halikioni.

## Hatua ya 10: Peleka sampuli maabara

Angalau mara moja kwa msimu, hasa kabla ya kuuza mzigo mkubwa. Utaratibu wa Codex unataka hivi: mboga ndogo na za kati, kilo 1, na zile za kati zisipungue 10, mboga kubwa zenye uzito wa zaidi ya gramu 250 kila moja, kilo 2 zisizopungua 5. Chukua kutoka sehemu mbalimbali za shamba, ikiwemo ile mistari ya mwanzo na ya mwisho. Usizioshe. Zifunge kwenye mfuko mpya safi, andika tarehe na tuta, zifike zikiwa baridi.

Matokeo yakirudi, utaona alama kama "< 0.01" mbele ya dawa nyingi. Maana yake dawa hiyo haikufikia kiwango ambacho mashine inaweza kukipima kwa uhakika. Panapokuwa na namba, ilinganishe na kikomo cha zao hilo katika soko unalouzia, kisha fungua daftari.

Dawa uliyoitumia imezidi? Angalia tarehe, halafu mililita kwa pampu, halafu nozeli, kwa mpangilio huo. Imeonekana dawa ambayo hujawahi kuinunua? Basi tafuta upepo wa jirani, pampu ya kuazima, kreti zilizotoka mahali pengine, au chupa ambayo ndani yake hamkuwa na kile kilichoandikwa nje. Badilisha kitu kimoja, subiri uchumaji unaofuata, upeleke sampuli nyingine ya tuta lile lile.